Farasi Aliyevunjika Mguu: Mwongozo Kamili wa Upasuaji na Miezi ya Uuguzi

Bado wapo wengi wanaoamini kwamba farasi akivunjika mguu hana dawa ila risasi. Zamani imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Leo inawaua farasi ambao wangepona. Mwaka 1972 Mill Reef, farasi aliyekuwa ameshinda Derby ya Epsom na Prix de l'Arc de Triomphe mwaka uliotangulia, alivunjika mguu wa mbele akiwa mazoezini huko Uingereza. Alipasuliwa, mfupa ukaungwa, mguu ukafungwa plasta. Hakurudi kwenye mbio, lakini alitembea kwa miguu yake minne na kuzalisha watoto hadi alipokufa mwaka 1986.

Hata hivyo hakuna sababu ya kudanganyana: mguu wa farasi ni mgumu kutibu kuliko wa mbwa au wa binadamu. Farasi mzima ana kilo 450 hadi 550, na karibu asilimia 60 ya uzito huo iko kwenye miguu ya mbele. Kuanzia goti kushuka chini hana nyama. Ni mfupa, kano, mishipa na ngozi tu, kwa hiyo mfupa ukivunjika haukawii kutoboa ngozi, na damu ya kulisha kidonda ni kidogo. Juu ya hayo, huwezi kumwambia alale kitandani wiki sita. Akitoka tu kwenye nusukaputi atataka kusimama, na atasimama kwa mguu uleule ulioungwa saa moja iliyopita.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa safari hii ajue mapema kwamba upasuaji wenyewe ni saa chache. Farasi wengi huokolewa au hupotea katika saa ya kwanza kabla ya kufika hospitali, na katika majuma ya bandani baada ya kurudi. Sehemu hizo mbili ziko mikononi mwa mwenye farasi na saisi wake, ndiyo maana nimezipa nafasi kubwa hapa.

Saa ya kwanza: usimsogeze, mfunge banzi

Dalili kubwa ni farasi kukataa ghafla kukanyaga mguu mmoja. Huenda mguu umepinda, umevimba haraka, au unacheza mahali pasipo na kiungo. Jasho humtoka, anatetemeka, anajaribu tena na tena kuuweka mguu chini na kuurudisha juu. Lakini usikate tamaa kabla ya daktari kufika: jipu ndani ya ukwato humfanya farasi aninginize mguu vilevile kama aliyevunjika, na hilo hutibika kwa kisu kidogo na maji ya moto yenye chumvi.

Mpigie daktari wa wanyama papo hapo, kisha mwache farasi pale alipo. Mtu anayemfahamu amshike hatamu, azungumze naye taratibu, na watazamaji waondoke. Hatua kumi za kumpeleka kivulini zinaweza kugeuza ufa mwembamba kuwa mfupa wa vipande saba. Kama kuna jeraha, lisafishe kwa maji safi yenye chumvi, lifunike kwa kitambaa kisafi, na usipake mafuta wala unga wa dawa wa aina yoyote.

Usimpe dawa ya maumivu kwa wingi kabla mguu haujafungwa. Farasi asiyesikia maumivu ataukanyaga. Dawa ya kumtuliza ni kazi ya daktari, naye ataipima kwa uangalifu, kwa sababu ikizidi farasi anapepesuka na kuangukia mguu mbovu. Asepromazini, ambayo watu wengi huwa nayo kabatini, haifai hapa: inashusha shinikizo la damu, na farasi aliyetoka damu au aliyelowa jasho anaweza kuzimia.

Kisha banzi. Hapa ndipo mahali pa kujifunza kabla ya siku ya shida, kwa sababu banzi lililofungwa vibaya hudhuru kuliko kutofunga kabisa. Kanuni ni kwamba banzi lishike kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kile kilicho chini yake. Banzi likiishia katikati ya mfupa uliovunjika linageuka kuwa wenzo wa kuuvunja zaidi. Mbao imara zinatosha, au bomba nene la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, pamoja na pamba, bendeji na utepe mgumu. Chini ya banzi weka pamba ya kutosha kuzuia michubuko, lakini isijae sana, maana banzi likikaa mbali na mfupa litacheza.

Mahali pa kuliweka hutegemea sehemu iliyovunjika:

- *Kuanzia ukwato hadi juu kidogo ya kifundo cha chini.* Kwa mguu wa mbele, nyoosha mguu ili farasi awe kama anasimama kwa ncha ya ukwato, mifupa ikae mstari mmoja, kisha funga banzi upande wa mbele kutoka ncha ya ukwato hadi chini ya goti. Kwa mguu wa nyuma, banzi hukaa upande wa nyuma, kutoka ukwatoni hadi kwenye ncha ya kisigino kile kirefu cha juu.
- *Mfupa mrefu wa chini ya goti, au goti lenyewe.* Bendeji nene hadi kwenye kiwiko, na mabanzi mawili, moja nyuma na moja upande wa nje, yote yakianzia ardhini.
- *Juu ya goti la mbele, au mfupa wa muundi wa nyuma.* Funga kama hapo juu, lakini ubao wa nje upande hadi begani, au hadi kwenye nyonga kwa mguu wa nyuma. Misuli ya sehemu hii iko upande wa nje, nayo huuvuta mguu utanuke. Upande wa ndani hakuna kitu ila ngozi, na mfupa hutokea huko.
- *Kiwiko.* Hapa farasi hushindwa kulikaza goti, mguu unalegea kana kwamba umekufa. Banzi moja nyuma ya goti, la kulinyoosha tu, humrudishia uwezo wa kujiegemeza, na hofu yake hupungua mara moja.

Mvunjiko wa bega, wa mfupa wa juu ya kiwiko au wa paja haufungwi banzi. Ukifunga chini yake unaongeza uzito unaoning'inia kwenye mfupa uliovunjika.

Kwenye gari, farasi aliyevunjika mguu wa mbele asafiri akitazama nyuma, na aliyevunjika wa nyuma atazame mbele, ili dereva akikanyaga breki uzito umwangukie kwenye miguu mizima. Nafasi iwe nyembamba kiasi cha yeye kuegemea ukuta, kichwa kiwe huru, na ngazi ya kupandia isiwe na mwinuko mkali. Kwenda mwendo wa taratibu kwa saa tatu ni salama kuliko kukimbizana kwa saa moja na nusu.

Picha, na uamuzi mgumu

Hospitalini watapiga eksirei kutoka pande kadhaa, angalau nne kwa kila sehemu, kwa sababu ufa huonekana tu pale mionzi inapopita sambamba nao. Kuna nyufa ambazo siku ya kwanza hazionekani kabisa. Daktari mzoefu hatamwachia farasi kwa picha moja safi. Atamweka bandani na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, mwili ukishaanza kuyeyusha kingo za ufa. Kama ufa unashukiwa juu ya goti au kwenye muundi, farasi hufungwa kichwa pande mbili asiweze kulala, kwa kuwa ni wakati wa kuinuka kutoka chini ndipo ufa hufunguka hadi mwisho.

Mtu akitaka kupiga sindano ya ganzi mguuni kutafuta maumivu yanatoka wapi, na mvunjiko haujaondolewa kwenye orodha, mkatalie. Farasi mwenye ganzi hukanyaga kwa uzito wote.

Sasa uamuzi. Mambo yanayoamua ni mfupa upi, vipande vingapi, kama ngozi imetoboka, kama kiungo kimeguswa, umri na uzito wa farasi, tabia yake, na nini kinatarajiwa kwake baadaye. Kipande kidogo kilichobanduka ndani ya goti au kifundo ni habari njema kwa kulinganisha: kinatolewa kwa kamera kupitia matundu madogo, na farasi wengi hurudi kazini baada ya miezi michache. Vijifupa viwili vyembamba vya pembeni mwa mfupa mrefu, vinavyovunjika mara nyingi kwa teke, vinaweza kukatwa sehemu ya chini na kutolewa, na mguu ukabaki imara. Ufa unaopanda kutoka kwenye kifundo hadi ndani ya mfupa mrefu wa chini ya goti, wa upande wa nje, ambao haujasogea, huungwa kwa skrubu na una matumaini makubwa hata kwa farasi wa mbio. Ufa wa namna hiyohiyo ukiwa upande wa ndani ni mwingine kabisa: una tabia ya kujizungusha kupanda juu ya mfupa kama kamba iliyosokotwa, na unaweza kuupasua mfupa mzima siku chache baadaye.

Kwa upande mwingine, mvunjiko kamili wa paja, muundi, mfupa wa juu ya kiwiko au wa juu ya goti kwa farasi mzima mara nyingi hauna tiba ya haki. Mtoto wa farasi mwenye kilo 80 aliyevunjika mfupa uleule ni jambo jingine. Uzito ni mdogo, mifupa huunga haraka, naye hukubali kulala. Ngozi ikitoboka hatari hupanda sana, kwa sababu chuma na vijidudu havikai pamoja kwa amani.

Mwulize daktari maswali haya bila aibu, na umwombe ajibu waziwazi: Farasi wangu anaweza kuishi bila maumivu, au anaweza kupandwa pia? Nini kitakachomwua kama mambo yataharibika? Gharama ikiwa yote yataenda vizuri ni kiasi gani, na ikiwa hayataenda vizuri? Mvunjiko wa namna hii mmewahi kuuunga hapa? Kama farasi ana bima, kampuni ya bima ijulishwe kabla ya kisu, na pia kabla ya uamuzi wowote wa kumuua, isipokuwa mateso hayasubiri.

Kumuua farasi kwa huruma siku ya kwanza, mvunjiko ukiwa hauna tiba, ni uuguzi pia. Sioni fahari katika kumtesa mnyama miezi mitatu ili mwenye mnyama ajisikie amejitahidi.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Isipokuwa mvunjiko unatishia mishipa au umetoboa ngozi, mara nyingi farasi hapasuliwi mara tu anaposhuka garini. Hupewa saa kadhaa, pengine usiku mzima, atulie, anywe, damu yake isawazike, mguu ukiwa kwenye banzi. Kabla ya nusukaputi huondolewa viatu vya chuma, huoshwa kinywa ili mabaki ya nyasi yasiingie kwenye koo, huwekewa mrija shingoni, na hupewa antibiotiki na kinga ya pepopunda.

Njia za kuunga ziko kadhaa. Inayotumika zaidi kwa nyufa ni skrubu ya kuvuta. Tundu la kipande cha karibu hutobolewa kwa upana wa skrubu nzima, na la kipande cha mbali hutobolewa jembamba zaidi. Meno ya skrubu hayashiki popote kwenye kipande cha kwanza. Yanang'ata cha pili tu, na kichwa kikifika kwenye mfupa kila mzunguko wa bisibisi huvuta vipande viwili vikabanana hadi ufa unatoweka kwenye picha. Skrubu hizi ni za unene wa milimita 4.5 au 5.5. Mibano hiyo ina faida mbili: mfupa hauchezi, na uso laini wa kiungo unarudi usawa wake, jambo linalopunguza baridi yabisi ya baadaye. Baadhi ya nyufa ambazo hazijasogea siku hizi huungwa farasi akiwa amesimama, ametulizwa kwa dawa na mguu umepigwa ganzi, na hivyo kukwepa kabisa hatari ya kuamka kutoka nusukaputi.

Mfupa mrefu uliokatika kabisa huhitaji mabamba ya chuma, na kwa farasi mzima bamba moja mara nyingi halitoshi. Huwekwa mawili kwa pande zinazokutana kwa pembe. Kiungo kilichosagika huweza kugandishwa moja kwa moja: gegedu hukwanguliwa, bamba hufungwa, mifupa ikawa mmoja. Farasi hatakunja kifundo hicho tena, lakini anaweza kuishi malishoni bila maumivu. Na pale mfupa wa chini uliposagika vipande visivyohesabika, hupitishwa pini nene kwenye mfupa mzima wa juu yake, kisha plasta ikazikamata pini hizo. Uzito unatoka kwenye mfupa, unapita kwenye pini na plasta hadi ardhini, nao mvunjiko unapumzika.

Halafu kuna kuamka. Hapa ndipo madaktari wa farasi hushika pumzi. Kwa jumla farasi mmoja hivi katika kila mia hufa kwa sababu zinazohusiana na nusukaputi, na wanaoungwa mifupa wako katika hatari kubwa kuliko wengine. Mnyama wa porini aliye ndani ya farasi huamka kabla ya miguu yake: anaona ukuta, anaogopa, anataka kukimbia, na miguu bado ni mizito. Mwaka 1975 Ruffian, farasi jike aliyevunjika mguu katika shindano la wawili huko New York, alipasuliwa usiku uleule. Alipozinduka alirusha miguu kana kwamba bado yuko mbioni, akauharibu mguu upya, ikabidi auawe. Tangu hapo watu wamejifunza mengi. Leo farasi huamkia chumba chenye kuta za godoro, kichwani na mkiani amefungwa kamba zinazomsaidia kuinuka, au huning'inizwa kwenye mikanda, au hushushwa kwenye bwawa la maji ya vuguvugu akiwa ndani ya mtumbwi wa mpira wenye nafasi nne za miguu, apige mateke majini bila kuumia. Uliza hospitali yako wanatumia njia gani. Jibu lao linahusu maisha ya farasi wako kama lilivyo ustadi wa mpasuaji.

Wiki za kwanza bandani

Banda liwe angalau mita 3.6 kwa 3.6, sakafu isiyoteleza, na malalo ya maranda au nyasi kavu ya kutosha hadi ukutani. Malalo marefu mno ya majani yanamsumbua mwenye plasta, kwa sababu anayaburuta na kujikwaa. Pima joto la mwili mara mbili kwa siku na uliandike. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, likipita hapo, piga simu. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakikaa juu ya 60 naye amesimama kimya, ana maumivu, hata kama masikio yake yako mbele na anakula.

*Plasta.* Kila asubuhi na kila jioni vua glovu, pitisha kiganja juu ya plasta yote kutoka juu hadi chini, polepole, mbele, nyuma, ndani, nje. Unatafuta doa lenye joto kuliko jirani zake. Sehemu zinazochubuka kwanza ni ukingo wa juu wa mbele, nyuma ya kifundo, na visigino vya ukwato. Nusa ukingo wa juu. Angalia kama nzi wameanza kukusanyika mahali pamoja, kama kuna unyevu unaopenya, kama mguu umevimba juu ya plasta, kama farasi anaitafuna. Dalili iliyo kubwa kuliko zote ni farasi aliyekuwa anakanyaga vizuri jana na leo hataki. Hapo hakuna kusubiri kesho. Plasta ifunguliwe leo, hata kama ni sikukuu. Kwa kawaida hubadilishwa baada ya wiki mbili hadi nne kwa farasi mzima. Kwa mtoto ni mapema zaidi, kwa sababu anakua na kano zake hulegea ndani ya plasta.

*Mguu wa pili.* Hili ndilo lililomwua Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani. Alishinda Kentucky Derby Mei 2006, akavunjika mguu wa nyuma wa kulia majuma mawili baadaye kwenye mbio za Preakness, akaungwa na mpasuaji Dean Richardson katika hospitali ya New Bolton Center kwa bamba na skrubu 27, akaamshwa bwawani, na mguu ule ukaanza kupona. Julai ukwato wa kushoto, uliobeba kazi ya miguu miwili, ukashikwa na laminaitisi: tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato hukosa damu, zinavimba, zinaachia. Januari 29, 2007 ilibidi auawe. Kwa hiyo farasi anapopasuliwa mguu mmoja, unauguza miwili.

Kinga huanza siku ya kwanza. Ukwato wa mguu mzima uwekewe kitegemezi laini chini, kinachobeba nyayo na ile pembetatu ya katikati, na kama plasta imeurefusha mguu mgonjwa, fundi wa kwato auinue mzima upate kulingana. Jifunze kuhisi mshipa wa damu: weka vidole viwili pembeni nyuma ya kifundo, bonyeza kwa upole, utasikia kamba laini ikiteleza. Kwa farasi mzima wa afya mapigo yake ni hafifu, wakati mwingine hutayapata. Yakigonga vidole vyako kwa nguvu, ukwato una joto, naye anahamisha uzito huku na huku au anaegemea nyuma, mwite daktari saa hiyohiyo na anza kuuzamisha mguu kwenye barafu na maji. Farasi anayelala chini mara nyingi ndani ya banda anafanya jambo jema kwa kwato zake, ilimradi anainuka bila kuhangaika. Mwache alale.

Na usimnyime dawa ya maumivu kwa kudhani maumivu yatamfanya atulie. Kadiri mguu mgonjwa unavyouma, ndivyo mguu mzima unavyobebeshwa. Fenilbutazoni na fluniksini ndizo hutumika zaidi, kamwe si zote mbili kwa pamoja, kwa sababu huumiza tumbo, utumbo na figo. Akikataa chakula, akisaga meno au kinyesi kikilegea, mwambie daktari. Huenda akamwongezea omeprazoli ya kulinda tumbo.

*Tumbo.* Farasi aliyezoea kazi akasimamishwa ghafla hupata msokoto wa tumbo kwa urahisi, hasa akiwa ametoka kwenye nusukaputi. Kwa kawaida hutoa kinyesi mara 8 hadi 12 kwa siku. Hesabu mafungu, na ukiona yamepungua nusu, au yamekuwa magumu na makavu, hilo ni onyo. Maji yawe mbele yake daima, naye anywe lita 25 au zaidi. Ndoo ni bora kuliko bomba linalojijaza, maana ndoo inakuonyesha amekunywa kiasi gani. Nafaka punguza siku hiyohiyo, kwa kuwa humpa nguvu za kuruka asizozihitaji na huchochea laminaitisi. Nyasi kavu nzuri, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, katika wavu wenye matundu madogo ili zimchukue muda mrefu, pamoja na madini yaliyopimwa. Kuna desturi ya kumpa mgonjwa uji wa pumba za ngano. Uache, tafadhali: pumba zina fosforasi nyingi sana kuliko kalisi, na mfupa unaounga unahitaji kinyume chake.

*Kidonda.* Nyuzi hutolewa siku ya 12 hadi 14. Majimaji kidogo yasiyo na harufu siku za mwanzo si tatizo. Usaha, joto linalopanda juu ya mguu, homa, na kuchechemea kunakozidi baada ya kupungua huashiria kwamba vijidudu vimefika kwenye chuma. Daktari anaweza kufunga mpira juu ya mguu na kupiga antibiotiki kwenye mshipa chini yake, ili dawa ijae mahali palipougua bila kuzunguka mwili mzima. Kuwahi kwa siku mbili hapa ni tofauti ya kuokoa mguu na kuupoteza.

Usisahau pia kwamba huyu ni mnyama wa kundi. Farasi mwenzake, au hata mbuzi, aliye mahali anapoweza kumwona, atamtuliza kuliko dawa nyingi. Mswaki kila siku, kichwa kikwangulie nyuma ya masikio, mfundishe kusogeza shingo kushoto na kulia kufuata kipande cha karoti. Atakaa banda moja kwa wiki nyingi, na kuchoka kwake kuna madhara ya kweli: hupiga mlango, huzunguka, hujipinda.

Kumrudisha kwenye mwendo

Mfupa wa farasi mzima huhitaji karibu miezi minne kuunga kwa nguvu ya kuaminika. Ratiba ya kweli ataitoa mpasuaji wako, na ifuatayo ni sura ya kawaida kwa ufa wa kifundo uliofungwa skrubu bila matatizo. Wiki nne hadi sita za mwanzo ni banda tu. Kisha kumtembeza kwa mkono, dakika 5 mara mbili kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki, hadi kufika nusu saa. Eksirei ya wiki ya 8 hadi 12 ndiyo inayofungua mlango wa hatua inayofuata. Kalenda peke yake haifungui. Baada yake, uwanja mdogo wa kumtosha kugeuka lakini asipate kasi, bila mwenzake wa kumkimbiza. Mpandaji mwepesi kwa mwendo wa kutembea huja mwezi wa nne au wa tano, mwendo wa kukimbia kidogokidogo baada ya hapo. Aliyetolewa kipande kidogo kwa kamera huenda haraka zaidi. Aliyefungwa mabamba huenda polepole zaidi.

Siku ya hatari zaidi katika kipindi hiki chote ni ile ya kwanza kutoka bandani. Farasi aliyepumzika mwezi na nusu anahisi mzima kabisa, na mfupa wake haujui hivyo. Muulize daktari kuhusu dawa nyepesi ya kumtuliza wiki hiyo. Hapa asepromazini ina nafasi yake, maana mshtuko na damu inayovuja vimekwisha kupita. Chagua saa ya utulivu, vaa glovu na kofia ngumu, tumia hatamu yenye mnyororo puani kama anayo desturi ya kurukaruka, na tembea njia iliyonyooka yenye udongo imara. Duara dogo huusokota mfupa. Saisi mmoja aliye imara anatosha. Wawili wanaopigiana kelele humtia hofu.

Kila mara unapoongeza kazi, mwangalie siku inayofuata kabla hajapashwa moto mwili: hatua zake ishirini za kwanza akitoka bandani ndizo zinazosema kweli. Gusa mguu ulioungwa, gusa na wa pili. Fundi wa kwato aje kila wiki nne hadi sita, kwa kuwa ncha za kwato zikirefuka huongeza mkazo kwenye kifundo kilekile.

Skrubu na mabamba mara nyingi huachwa humo maisha yote. Hutolewa kama zimelegea, zimeingiwa na vijidudu, zinamuuma anapofanya kazi kwa nguvu, au ziko mahali ambapo mpasuaji anaona mfupa utakuwa imara zaidi bila chuma. Zikitolewa, matundu yanayobaki huudhoofisha mfupa kwa muda, hivyo farasi anarudi bandani tena kwa majuma kadhaa kabla ya kazi. Kabla ya kumruhusu kwenda mbio au kuruka vizuizi, piga eksirei nyingine. Akichechemea asubuhi baada ya kazi mpya, mrudishe kwenye kiwango cha wiki iliyopita, na usiongeze chochote hadi daktari aje auone mguu.